Maswali ya Wasomaji: Droni Inapokataa Kuzungumza na Kompyuta

Barua za safari hii zinahusu jambo moja: redio za telemetria. Kwa msomaji mgeni, redio hizi huuzwa kwa jozi. Moja, tutakayoiita redio ya juu, hufungwa kwenye droni na kuunganishwa na bodi inayoongoza urukaji. Ya pili, redio ya chini, huchomekwa kwenye USB ya kompyuta au simu. Kati yao hupita ujumbe wa MAVLink: kimo, hali ya betri, mahali droni ilipo, na maagizo kutoka programu kama Mission Planner au QGroundControl. Redio nyingi za bei nafuu huendeshwa na programu ya ndani iitwayo SiK. Majibu yetu yanahusu hizo, isipokuwa pale tutakaposema vinginevyo.

*Taa ya kijani imetulia kwenye redio zote mbili, lakini Mission Planner inahesabu sekunde 30 kisha inasema haikupata mapigo ya moyo. Nikiunganisha droni moja kwa moja kwa kebo ya USB, kila kitu kinasomeka. Je, redio zimekufa? – Fundi wa simu, Free Area, Nakuru*

Hazijafa, ndugu yetu, na taa zenyewe zimekwambia hivyo. Kijani inayopepesa maana yake redio bado inamtafuta mwenzake. Kijani iliyotulia maana yake zimekutana. Kwa hiyo tatizo lako haliko hewani. Usibadili antena na usiguse namba za mtandao wa redio. Kosa liko kwenye ncha mojawapo: ama kati ya kompyuta na redio ya chini, ama kati ya redio ya juu na bodi ya droni.

Ncha ni ipi? Taa nyekundu itajibu, kwa sababu humweka kila redio inapotuma data. Washa droni kwa betri yake, toa kebo ya USB kwenye bodi, uitazame redio ya juu. Bodi yenye afya hutoa pigo la moyo, yaani ujumbe mfupi wa kusema ipo, mara moja kwa sekunde, hata kama hakuna programu inayoisikiliza. Nyekundu ikimweka, data inatoka kwenye droni na inafika kwenye redio, basi kosa liko kwa kompyuta. Ikibaki kimya, shuka kwenye nyaya za droni.

Tuanze na kompyuta, kwa sababu huko ndiko wengi hukwama. Ukiunganisha kwa kebo ya USB, kasi ya baudi, yaani kasi ya data kwenye waya, huwa 115200. Redio za SiK hutoka kiwandani zikiwa 57600. Programu hukumbuka namba uliyotumia mara ya mwisho, na wewe ulitoka kwenye kebo, kwa hiyo yaelekea 115200 bado imekaa pale juu kulia. Ibadilishe iwe 57600. Kisha hakikisha umechagua poti sahihi ya COM: fungua orodha ya vifaa kwenye Windows, chomoa redio, utazame namba ipi inatoweka. Kama hakuna inayotoweka, kompyuta haina draiva ya chipu ya USB iliyo ndani ya redio. Mara nyingi chipu hiyo ni CP210x, FTDI au CH340, na jina lake husomeka kwa kioo cha kukuzia juu ya chipu yenyewe. Mwisho, funga programu nyingine yoyote iliyoishika poti hiyo. Poti moja haihudumii programu mbili kwa wakati mmoja.

Upande wa droni una mitego zaidi. Kwenye ArduPilot, programu inayoendesha bodi ya droni, soketi ya TELEM1 ni SERIAL1 na TELEM2 ni SERIAL2. Ukichomeka kwenye TELEM1, kigezo cha SERIAL1_PROTOCOL kiwe 2 na SERIAL1_BAUD kiwe 57, kisha uzime na kuwasha bodi. Kwenye bodi ndogo zisizo na maandishi ya TELEM, namba ya UART (poti ya nyaya za data) iliyochapishwa na namba ya SERIAL ndani ya programu mara nyingi hazilingani, kwa hiyo soma ukurasa wa bodi yako. Anayetumia PX4, programu nyingine ya bodi, atazame MAV_0_CONFIG ielekezwe TELEM 1, na SER_TEL1_BAUD iwe 57600.

Kisha waya. Soketi ya telemetria ya Pixhawk ina pini sita kwa mpangilio huu: volti 5, TX (kutuma), RX (kupokea), CTS, RTS (hizi mbili ni za kupeana ruhusa ya kutuma), ardhi. TX ya bodi lazima iingie RX ya redio, na RX ya bodi iingie TX ya redio. Bodi za zamani zilitumia viunganishi vya DF13 na mpya hutumia JST-GH, kwa hiyo mafundi wengi hukata kebo mbili na kuziunga, na hapo ndipo nyaya hizo mbili huunganishwa sawa kwa sawa badala ya kupishanishwa. Pima kwa multimita: volti 5 zifike, ardhi iendelee, TX ikutane na RX. Ukitumia nyaya nne tu, bila CTS na RTS, weka BRD_SER1_RTSCTS iwe 0. Ikiwa 1, bodi hubaki ikingoja ruhusa ambayo hakuna waya wa kuileta.

Kuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi. Chomoa redio ya juu kwenye bodi, uipe volti 5 kutoka chanzo kingine, uunganishe TX na RX yake kwa kipande cha waya. Fungua programu ya terminali kwa 57600 kwenye redio ya chini na uandike herufi zozote. Zikirudi kwenye skrini, redio zote mbili, kompyuta na poti viko sawa, na kilichobaki ni bodi au kebo yake tu.

*Redio yangu ya juu iliungua, nikanunua nyingine peke yake. Sasa kijani inapepesa kote kote, haitulii kamwe. – Mwanafunzi, Kisumu*

Kabla ya yote, geuza redio zote mbili usome kibandiko. Redio ya 433 MHz na ya 915 MHz zinaweza kuwa na ganda lile lile, rangi ile ile na taa zile zile. Hazitasikilizana hata ukizilaza kwenye meza moja, na hakuna kigezo kitakachozipatanisha, kwa kuwa maunzi yake ni tofauti.

Zikiwa za masafa mamoja, basi vigezo vyake vimepishana. Vinavyopaswa kufanana pande zote mbili ni NETID (namba ya mtandao wa redio, ambayo kiwandani huwa 25), AIR_SPEED (kasi ya data hewani, kwa kawaida 64), MIN_FREQ, MAX_FREQ, NUM_CHANNELS, ECC (kurekebisha makosa ya data), LBT_RSSI na MAX_WINDOW. Toleo la programu ya ndani nalo lifanane. Hapa ndipo jozi zisizonunuliwa pamoja huanguka: moja ina toleo jipya, nyingine la miaka iliyopita.

Kwa sababu redio hazijakutana, huwezi kuibadili ya mbali kupitia ya karibu. Itabidi uziunganishe na kompyuta moja baada ya nyingine. Kama redio ya juu haina tundu la USB, tumia kigeuzi cha USB kwenda UART cha volti 3.3. Kwenye Mission Planner fungua ukurasa wa SiK Radio, ulio chini ya vifaa vya hiari. Chagua poti na 57600, lakini usibonyeze Connect, kwani ukiunganisha kwanza ukurasa huo hauwezi kuongea na redio. Bonyeza Load Settings. Pakia programu ya ndani ya toleo moja kwa zote mbili, rudisha mipangilio ya kiwandani, kisha weka NETID yako mwenyewe na uhifadhi.

Anayependelea terminali atumie amri za AT. Nyamaza sekunde moja, andika +++ bila kubonyeza Enter, nyamaza tena sekunde moja hadi ujibiwe OK. ATI5 huonyesha vigezo vyote. ATS3=37 huweka NETID kuwa 37, AT&W huhifadhi, ATZ huwasha upya. Watu husahau AT&W, kisha hushangaa mbona namba ya zamani imerudi. Zikishakutana, amri zile zile zikianza na RT badala ya AT hubadili redio ya mbali. Badilisha ya mbali kwanza, kisha ya karibu. Ukianza na ya karibu utakuwa umejikatia njia.

Pia usizijaribu zikiwa zimegusana. Kwa nguvu ya milliwati 100, redio iliyo sentimita chache kutoka kwa mwenzake humzibisha masikio. Ziache mita mbili au tatu. Na usiiwashe redio bila antena hata kwa dakika, kwa maana nguvu isiyopata pa kutokea hurudi kwenye kipaza nguvu na inaweza kukiua. Yawezekana hivyo ndivyo ya kwanza ilivyoungua.

*Nilistaafu kilimo na sasa napima mashamba ya miwa kwa droni. Tangazo la redio lilisema kilomita moja na zaidi. Hapa kwetu mawasiliano hukatika mita 300. – Msomaji, Muhoroni*

Shikamoo mzee wetu. Swali lako ndilo lililotuchukua muda mrefu zaidi, na linastahili.

Kwanza pima. Kwenye Mission Planner, katika kichupo cha hali, kuna namba nne: rssi, remrssi, noise na remnoise. Mbili za kwanza ni nguvu ya ishara kama inavyosikika chini na juu, mbili za mwisho ni kelele za pande hizo. Chukua rssi, toa noise, gawanya kwa 1.9, utapata akiba yako kwa desibeli. Mfano: rssi 130 na noise 45 inakupa takriban 45, akiba kubwa. Rssi 70 na noise 50 inakupa kama 10 tu, na droni ikigeuka kidogo mawasiliano yatakatika. Kila desibeli 6 unazoongeza huzidisha umbali mara mbili pakiwa wazi, na kila 6 unazopoteza huukata nusu. Kwa hiyo zifuatilie namba hizi, zina maana kuliko tangazo.

Kama kelele iko juu tangu mwanzo, sogea mbali na chanzo chake. Kompyuta yenyewe hutoa kelele nyingi. Usiichomeke redio ubavuni mwake. Tumia kebo ya kurefusha USB ya angalau mita moja.

Kama kelele iko chini lakini ishara inaanguka haraka, mshukiwa ni miwa. Wimbi la redio halipiti kama uzi ulionyooshwa. Hupita kama mtumbwi: mwembamba kwenye ncha, mpana katikati. Kwa 433 MHz na umbali wa kilomita moja, upana huo katikati ni kama mita 13 kila upande wa mstari, na angalau asilimia 60 yake, yaani karibu mita 8, inafaa iwe wazi. Hata mita 10 tu mbele ya antena yako inahitaji wazi ya mita moja na nusu kila upande. Sasa fikiria kompyuta iliyowekwa juu ya ndoo kwenye kijia cha shamba, miwa yenye urefu wa mita 3 ikiwa imeizunguka. Majani mabichi yamejaa maji, na maji hunyonya mawimbi. Wimbi lako linazama kabla halijaondoka.

Dawa yake ni mti mrefu. Chukua mwanzi au bomba la plastiki la mita 4 au 5, funga redio ya chini juu kabisa, na uiunganishe na kompyuta iliyo chini kwa kebo ya USB. Refusha USB, usirefushe kebo ya antena, kwa sababu kebo nyembamba ya antena hula ishara kwa kila mita, lakini USB ikifika haipotezi chochote. Kikomo cha kebo ya kawaida ya USB ni kama mita 5. Ukipita hapo, tafuta kebo yenye kipaza ishara ndani yake.

Antena zote mbili zisimame wima. Antena ya fimbo hutoa nguvu pembeni, na kwenye ncha yake karibu haitoi kitu, kwa hiyo usiielekeze ncha kwenye droni kama unayenyoosha kidole. Ile ya juu ining'inie nje ya mwili wa droni. Fremu ya kaboni huzuia redio karibu sawa na bati, na antena iliyolazwa juu ya bamba la kaboni inakuwa kipofu upande wa chini, yaani upande uliko wewe. Robo ya urefu wa wimbi la 433 MHz ni sentimita 17.3. Kijiantena cha sentimita 5 kilichokuja na redio kina koili ndani na hakiwezi kushindana na antena ya urefu kamili. Unaweza kujitengenezea dipole: miguu miwili ya waya, kila mmoja kama sentimita 16.5, mmoja kwenye moyo wa kebo na mwingine kwenye wavu wake. Iweke wima, miguu ikitazama pande tofauti.

Ukinunua antena nyingine, tazama ndani ya kiunganishi kabla ya kulipa. Kuna SMA na kuna RP-SMA. Nyuzi zao zinaingiliana vizuri kabisa, lakini moja ina pini katikati na nyingine ina tundu. Ukizichanganya unaweza kupata tundu kwa tundu: antena imekazwa barabara na haijaunganishwa na chochote. Redio itafanya kazi mita chache, labda mia, halafu kimya. Tunaamini hiki ndicho chanzo cha "redio mbovu" nyingi ambazo si mbovu hata kidogo.

Vikishatimia hivi vyote, ndipo uguse vigezo. AIR_SPEED ukiishusha kutoka 64 hadi 32 unapata kama desibeli 3, umbali ukiongezeka kwa karibu mara 1.4. Ila bomba limekuwa jembamba, kwa hiyo punguza pia kasi ya data kwenye vigezo vinavyoanza na SR1_, hadi mara 1 au 2 kwa sekunde. Kumbuka kufanya mabadiliko pande zote mbili.

Na mzee, umbali wa redio si ruhusa ya kurusha mbali. Kanuni za mwaka 2020 za Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, zinataka droni isajiliwe na mrushaji awe na kibali kinachofaa kazi yake. Kupima mashamba kwa malipo ni kazi, si mchezo.

*Ndugu aliye Marekani ameniletea redio za 915 MHz. Ni sawa kuzitumia Kakamega? – Mwalimu wa fizikia, Kakamega*

Mwalimu, tungekushauri uziweke kando. Masafa ya 902 hadi 928 MHz yametengwa kwa vifaa vya namna hiyo katika nchi za bara la Amerika. Kenya iko katika Kanda ya 1 ya shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, pamoja na Afrika yote na Ulaya, na huku eneo hilo la masafa lina simu. Katika GSM ya 900, simu huongea na mnara kati ya 880 na 915 MHz, na mnara hujibu kati ya 925 na 960. Redio ya SiK ya Marekani kwa kawaida hurukaruka kutoka masafa hadi masafa kati ya 915 na 928, kwa hiyo kipande cha juu kinaangukia palepale minara inapopaza sauti. Ukiwa karibu na mnara utaona noise ikipanda na data ikipotea kila redio inaporukia huko. Na wewe pia unapiga kelele mahali pasipo pako.

Kanda ya 1 hutumia 433.05 hadi 434.79 MHz, na jozi za 433 zinapatikana kwa urahisi. Kifaa cha redio nchini kinapaswa kuwa na idhini ya aina kutoka Mamlaka ya Mawasiliano, na mwongozo wao wa vifaa vya masafa mafupi ndio unaoamua nguvu utakayoweka kwenye TXPOWER: 20 ni milliwati 100, 17 ni 50, 10 ni 10. Tegemea pia majirani kwenye 433. Rimoti za mageti, kengele za magari na vipima hali ya hewa vya nyumbani viko humo. Darasani, kama mna droni mbili, kila jozi ipewe NETID yake, na kila droni SYSID_THISMAV (namba ya utambulisho) yake. Zikifanana, programu moja itaona droni moja inayoruka sehemu mbili.

*Natumia kisanduku cha Wi-Fi cha ESP8266 na simu. QGroundControl inaunganika, baada ya dakika moja inakatika. – Msomaji, Bungoma*

Zima data ya simu. Simu za Android zikiona Wi-Fi haina intaneti hurudi kwenye laini bila kukuuliza, na kisanduku chako hakina intaneti wala hakitakuwa nayo. Simu ikiuliza kama ubaki kwenye mtandao huo, kubali, na uzime ile mipangilio ya kubadili mtandao yenyewe. Zima pia uokoaji wa betri kwa programu hiyo.

Anayetumia kompyuta badala ya simu hukutana na ukuta mwingine: ulinzi wa Windows huzuia UDP kwenye poti 14550. Ruhusu programu yako kwenye mitandao ya umma na ya nyumbani, kwani Wi-Fi mpya huhesabiwa kuwa ya umma. Kasi kati ya kisanduku na bodi ya droni nayo lazima ifanane. Simu ikiunganika lakini skrini ikabaki tupu, anza hapo.

Ila usitegemee mbali. Wi-Fi ya 2.4 GHz inashiriki masafa na rimoti nyingi za urushaji, na kisanduku kilichobanwa karibu na kipokezi cha rimoti kinaweza kukivuruga. Kiweke mbali nacho kadiri fremu inavyoruhusu. Kwa kuweka vigezo uwanjani ni kifaa kizuri sana. Kwa safari ya mbali, hapana.

*Kwenye Ubuntu naambiwa sina ruhusa ya /dev/ttyUSB0. – Mwanafunzi, Maseno*

Jiongeze kwenye kundi la dialout: sudo usermod -a -G dialout $USER. Toka kabisa uingie upya, kwani kufunga terminali pekee hakutoshi. Kama bado muunganisho unababaika sekunde za mwanzo, ondoa modemmanager. Huduma hiyo hudhani kila kifaa cha USB cha namna hii ni modemu, na huanza kukitumia amri zake kabla hujafanya lolote.

*Droni ikiwa chini imezimwa mota, telemetria ni safi. Nikiwasha mota, inakatika. – Msomaji, Njoro*

Toa propela zote kabla ya jaribio lolote lijalo. Hilo halina mjadala.

Kisha washa mota pole pole ukitazama remnoise. Ikipanda pamoja na mota, una kelele za umeme: nyaya za ESC (vidhibiti vya kasi ya mota) ziko karibu mno na redio au antena. Sokota waya wa chanya na hasi pamoja, na utenge redio angalau sentimita 10 kutoka kwenye nyaya za nguvu. Remnoise ikitulia lakini mawasiliano yakakatika ghafla, redio inapoteza umeme au kiunganishi kinatikisika. Redio ya milliwati 100 huvuta kama miliampea 100 inapotuma, na kama bodi, GPS, redio na servo vyote vinakula volti 5 kutoka chanzo kimoja kidogo, volti hushuka mota zinapovuta. Fungua kumbukumbu ya safari, tazama Vcc, yaani volti inayofika kwenye bodi. Iwe mstari tulivu karibu na 5. ArduPilot huhesabu chini ya 4.3 kuwa kosa, lakini redio inaweza kulegea kabla ya hapo. Servo zipewe BEC (chanzo cha volti 5) yake.

Kama Vcc ni safi, shika kiunganishi cha redio kwa vidole mota zikizunguka bila propela. Ukihisi kinacheza, umempata mwizi. JST-GH ina kikufuli kidogo kinachovunjika kirahisi. Tone la gundi ya moto hukishika bila kukiharibu.

*Tunapiga picha vizimba vya samaki kutoka kwenye boti. Telemetria ikikatika juu ya ziwa, droni inafanya nini? – Kikundi cha vijana, Homa Bay*

Inategemea mlichoweka. Telemetria si rimoti. Ikikatika peke yake mrushaji bado ana rimoti mkononi. Kwenye ArduCopter, yaani ArduPilot ya droni za propela nyingi, FS_GCS_ENABLE ikiwa 0, droni haifanyi lolote. Ikiwa 1, baada ya sekunde 5 bila pigo la moyo kutoka kwenye programu inarudi nyumbani yenyewe.

Na hapo ndipo pana hatari kwenu. Nyumbani kwa droni ni mahali mota zilipowashwa. Mmeiwashia kwenye boti, boti imesukumwa na upepo mita 80, na droni inarudi kutua kwa uangalifu mkubwa juu ya maji. Rusheni kutoka ufukweni kila inapowezekana. Ikibidi boti, wekeni kituo cha dharura nchi kavu kwenye ukurasa wa Rally wa ramani, na hakikisheni kiko ndani ya umbali wa RALLY_LIMIT_KM. Kikiwa nje yake, droni itakipuuza iende kule mlikowashia. Jaribuni hili kwanza juu ya uwanja wa mpira: rusheni kwa kimo cha mita 20, chomoeni redio ya chini, mtazame inaelekea wapi, kidole kikiwa kwenye swichi ya modi.

Juu ya maji tulivu ishara pia huakisiwa, na nakala hiyo huweza kuipunguza ile ya kwanza. Mtaona rssi ikianguka sehemu fulani kisha ikapona mkisonga mbele. Antena zikiwa wima athari hupungua, na kuinua au kushusha ile ya chini kwa nusu mita mara nyingi huhamisha shimo hilo.

*Kusoma vigezo kupitia redio kunachukua dakika nyingi. Ni kawaida? – Msomaji, Kitale*

Dakika moja au mbili ni kawaida, kwani bodi ina vigezo zaidi ya elfu moja na bomba ni jembamba. Kikizidi hapo, ECC labda imewashwa, ambayo hukata kasi nusu, au ishara ni dhaifu na pakiti zinarudiwa. Fanya mipangilio mizito ukitumia kebo ya USB, na uiache redio kwa ajili ya uwanjani.